Jinsi ya Kusoma Thamani na Vifupisho kwenye Sarafu za Zamani za Uingereza

Sarafu nyingi za Uingereza zilizotengenezwa kabla ya 1971 hazitaji thamani yake kwa namba, na baadhi haziitaji kabisa. Utakachoona ni kichwa cha mfalme au malkia, ngao au mwanamke aliyeketi akishika mkuki wa meno matatu, mwaka, na mlolongo wa herufi kama D:G:BR:OMN:REX F:D:IND:IMP. Anayeanza hudhani thamani imejificha ndani ya herufi hizo. Haimo. Herufi hizo ni cheo cha mtawala, na faida yake kwako ni kukuonyesha sarafu ni ya kipindi gani. Thamani iko kwenye neno lililoandikwa upande wa pili, na neno hilo lisipokuwepo, itabidi uitafute kwa rula na mizani.

Uwe na kioo cha kukuza mara 10, mizani inayosoma gramu hadi tarakimu mbili baada ya nukta, rula ya milimita (au kalipa, kifaa cha kubana kitu na kupima upana wake, ambacho ni bora zaidi), na taa ndogo ya mkononi. Usisugue sarafu wala kuipaka limau, siki au dawa ya kung'arisha ili herufi zionekane. Ukifanya hivyo utaondoa tabaka la juu la madini, herufi zitazidi kufifia, na thamani kwa wakusanyaji itashuka siku hiyohiyo.

Hesabu ya pauni, shilingi na peni

Pauni 1 ilikuwa shilingi 20, na shilingi 1 ilikuwa peni 12. Kwa hiyo pauni ilikuwa peni 240. Peni nayo iligawanywa mara nne, na robo hiyo iliitwa fadhingi, ambayo kwenye sarafu imeandikwa FARTHING. Aliyezoea shilingi ya senti 100 aiweke kando kabisa anaposoma sarafu hizi, kwa sababu ndiyo inayovuruga hesabu za wengi.

Kwa maandishi, pauni ni £, shilingi ni s na peni ni d. Herufi hizi tatu zimetoka kwenye maneno ya Kilatini libra, solidus na denarius. Alama p ni ya peni mpya, iliyoanza kutumika tarehe 15 Februari 1971, siku Uingereza ilipohamia pauni ya peni 100. Ukikuta sarafu au hati yenye d, uko kwenye mfumo wa zamani. Ukikuta p, umeshauvuka.

Bei ziliandikwa kwa mkwaju (/). 7/6 ni shilingi 7 na peni 6. 5/- ni shilingi 5 kamili bila peni. 1/11½ ni shilingi 1, peni 11 na nusu. Mkwaju huo hauhusiani na sehemu za hesabu, kwa hiyo 7/6 usiigawanye. Unapojumlisha, anza na peni, toa kila 12 uifanye shilingi, kisha toa kila shilingi 20 uifanye pauni. Mfano: 7/6 na 15/9 ni shilingi 22 na peni 15, yaani shilingi 23 na peni 3, yaani £1 3s 3d. Ukitaka kiasi hicho kwa peni mpya, geuza chote kiwe peni za zamani halafu gawanya kwa 2.4. Shilingi 1 inakuwa 5p, na peni sita inakuwa 2½p.

Majina ya sarafu yenyewe ni mengi kuliko vipimo vya hesabu. Juu ya fadhingi kuna nusu peni na peni, kisha peni tatu, groti (peni 4), peni sita, shilingi, florini (shilingi 2), nusu krauni (shilingi 2 na peni 6), florini maradufu (shilingi 4) na krauni (shilingi 5). Upande wa dhahabu kuna nusu sovereni ya shilingi 10 na sovereni ya shilingi 20. Gini ni ya zamani zaidi: ilianza 1663, ikawa inapanda na kushuka kufuata bei ya dhahabu, hadi ilipofungwa kwenye shilingi 21 mwaka 1717. Sovereni ilipoanza kutolewa 1817 gini ilikoma kuwa sarafu, lakini watu waliendelea kutaja bei kwa gini, wakimaanisha pauni 1 na shilingi 1.

Neno la thamani linapokuwepo na linapokosekana

Shilingi na peni sita zilianza kuandikwa ONE SHILLING na SIX PENCE ndani ya shada la majani wakati wa William IV, mwaka 1831. Zilizotangulia, kama shilingi ya 1787 au ya 1816, hazina neno hilo. Nusu krauni ilisubiri hadi 1893 ndipo ikaandikwa HALF CROWN. Peni ya shaba ya Victoria ya kabla ya 1860 ina BRITANNIAR: REG: FID: DEF: kuzunguka mwanamke aliyeketi, na neno PENNY halipo popote. Sovereni na nusu sovereni hazikuandikwa thamani kabisa.

Florini ndiyo iliyokuwa wazi tangu mwanzo, kwa sababu ilikuwa jaribio la kuelekea mfumo wa kumi. Ya kwanza, ya 1849, imeandikwa ONE FLORIN na ONE TENTH OF A POUND, yaani sehemu moja ya kumi ya pauni. Ilileta malalamiko kwa sababu nyingine: upande wa kichwa una VICTORIA REGINA na mwaka tu, bila herufi za kumtaja Mungu. Kuanzia 1851 ikabadilishwa, ikawa na maandishi ya Kigothi na mwaka kwa namba za Kirumi za herufi ndogo, kwa mfano mdccclxviii, ambayo ni 1868. Wengi huisoma kama sehemu ya cheo na kusema sarafu haina mwaka. Baadaye, kuanzia 1937, florini ikaandikwa TWO SHILLINGS peke yake, bila neno FLORIN.

Krauni hubadilika mno. Ya 1935 na 1937 imeandikwa CROWN. Ya 1951, 1953 na 1960 imeandikwa FIVE SHILLINGS. Ya 1965 yenye kichwa cha Churchill haina thamani popote, na mwaka uko upande wa malkia. Krauni hiyo huulizwa mara nyingi kuliko nyingine zote: ni shilingi 5, ya mchanganyiko wa shaba na nikeli.

Mizani inapotaja thamani

Kuanzia 1816 sarafu za fedha zilitengenezwa kwa uzito unaolingana na thamani. Shilingi moja ni gramu 5.66, nyingine hufuata hapohapo:

- peni tatu ya fedha: gramu 1.41, upana mm 16
- peni sita: gramu 2.83, mm 19
- shilingi: gramu 5.66, karibu mm 23.5
- florini: gramu 11.31, karibu mm 28.5 (ya Kigothi ni pana zaidi, karibu mm 30)
- nusu krauni: gramu 14.14, mm 32
- florini maradufu: gramu 22.6, mm 36
- krauni: gramu 28.28, karibu mm 38.6

Chukua uzito ulioupata, ugawanye kwa 5.66, na jibu ni shilingi. Sarafu ya gramu 13.5 inatoa karibu 2.4. Hapo kumbuka kwamba sarafu huchakaa na kupungua, haiongezeki uzito. Haiwezi kuwa florini, kwani florini mpya kabisa haifiki gramu 12. Ni nusu krauni iliyolika. Kwa hiyo unapokwama kati ya thamani mbili, panda kwenye ile ya juu.

Kanuni hii haikuvunjika hata madini yalipobadilika. Hadi 1919 fedha ilikuwa sehemu 925 kwa 1000, kuanzia 1920 ikawa 500, na kuanzia 1947 fedha ikaondolewa, ikaja shaba na nikeli. Uzito ulibaki uleule. Ndiyo maana mizani itakupa thamani ya uso wa sarafu, lakini haitakuambia kama mkononi una fedha au la. Hilo linaamuliwa na mwaka. Kwa shilingi za kabla ya 1816 tumia karibu gramu 6 badala ya 5.66, maana kiwango cha zamani kilikuwa kizito zaidi.

Sarafu nyekundu zina mtego wake. Mwaka 1860 shaba tupu iliachwa, ikaja bronzi iliyo nyembamba na nyepesi. Peni ya bronzi ni gramu 9.4 na upana wa karibu mm 31, nusu peni ni gramu 5.67 na mm 25.5, fadhingi ni gramu 2.83 na mm 20. Peni ya shaba iliyotangulia ilikuwa karibu gramu 18.8 na mm 34, nusu peni yake gramu 9.4 na mm 28, fadhingi yake gramu 4.7 na mm 22. Tazama vizuri: nusu peni ya shaba na peni ya bronzi zina uzito mmoja. Anayepima bila kutazama mwaka wala upana ataiita nusu peni ya 1855 peni, na hatajua alipokosea. Kwa sarafu nyekundu, upana na mwaka vitangulie, mizani ifuate.

Mizani huokoa pia pale sarafu mbili zinapofanana sura. Mwaka 1887 peni sita ilitolewa ikiwa na ngao iliyofanana mno na ya nusu sovereni, bila neno la thamani. Watu waliipaka dhahabu na kuipitisha kama shilingi 10, hadi mwaka huohuo serikali ikarudisha muundo wenye maneno SIX PENCE. Zilizopakwa bado zipo. Upana karibu ni mmoja, ila nusu sovereni halisi ni gramu 3.99 na peni sita ni 2.83. Florini maradufu nayo, iliyotolewa kuanzia 1887 hadi 1890 bila kuandikwa thamani, ilichanganywa na krauni kila mara. Pima upana: mm 36 ni shilingi 4, mm 38.6 ni shilingi 5.

Peni tatu ya shaba ya manjano, yenye pembe 12, haifuati kanuni hizi. Ina gramu 6.8 na imeandikwa THREE PENCE, kwa hiyo haisumbui. Sarafu ndogo za fedha zenye namba 1, 2, 3 au 4 chini ya taji mara nyingi ni za sadaka ambayo mtawala hutoa kila mwaka Alhamisi ya kabla ya Pasaka, na namba hiyo ni peni.

Kusoma mlolongo wa cheo

Maandishi haya ni Kilatini kilichokatwa. Nukta au nukta pacha huonyesha neno limeishia njiani. Herufi V husimama badala ya U, kwa hiyo GEORGIVS ni George na CAROLVS ni Charles. IACOBVS ni James, na GVLIELMVS au GULIELMUS ni William. William IV aliandikwa IIII, si IV.

Kinachofuata jina ni D:G: au DEI GRA:, yaani Dei Gratia, kwa neema ya Mungu. REX ni mfalme. REGINA ni malkia, hukatwa kuwa REG, na wengine huisoma REG hiyo kama REX iliyokosewa. F:D: au FID:DEF: ni Fidei Defensor, Mtetezi wa Imani, cheo ambacho Papa Leo X alimpa Henry VIII mwaka 1521, ingawa kwenye sarafu kilianza kuonekana wakati wa George I, aliyetawala kuanzia 1714. BRITT: yenye T mbili ni wingi. Waandishi wa Kilatini walirudia herufi ya mwisho ya kifupisho kuonyesha wingi, kwa hiyo BRITT ni nchi zote za Britania. OMN: ni omnium, yaani zote, iliyoongezwa 1902 ili kuingiza makoloni ng'ambo. IND:IMP: ni Imperator au Imperatrix wa India, Kaizari wa India. Msomaji wa Afrika Mashariki huenda amekwisha kukiona kifupisho hicho kwenye shilingi za kikoloni zilizoandikwa GEORGIVS V REX ET IND:IMP:.

Sasa tumia vifupisho hivyo kukadiria mwaka. Victoria alitangazwa Kaizari wa India 1876, lakini sarafu za Uingereza zilianza kuandika IND:IMP: mwaka 1893. Kiliondolewa kwenye sarafu za 1949, baada ya cheo kuachwa 1948. OMN ilianza 1902, na BRITT:OMN: ikaondolewa 1954. Kwa hiyo peni iliyolika mwaka, ukiona OMN pamoja na IND:IMP:, ni ya kati ya 1902 na 1948. Ukiona OMN bila IND:IMP:, na kichwa ni cha George VI, ni ya 1949 au baadaye. Malkia Elizabeth mwenye BRITT:OMN: ni wa 1953 tu.

Mlolongo mgumu kuliko yote uko kwenye shilingi ya 1787, na ukishaumudu huo hakuna utakaokushinda. Nyuma yake pameandikwa:

M·B·F·ET·H·REX·F·D·B·ET·L·D·S·R·I·A·T·ET·E

Anza kwa kutafuta ET, neno linalomaanisha "na", kisha REX. Vituo hivyo vinakugawia mstari. Kabla ya REX kuna M B F ET H: Magnae Britanniae, Franciae et Hiberniae, yaani wa Britania Kuu, Ufaransa na Ireland. Ndiyo, Ufaransa. Wafalme wa Uingereza waliendelea kudai kiti cha Ufaransa hadi 1801, kwa hiyo F au FRA kabla ya ET H au ET HIB ni dalili kwamba sarafu haikuvuka mwaka huo. Baada ya REX kuna F D, ambayo umeshaijua. Kisha B ET L D, mtawala wa Brunswick na Lüneburg. Zinazobaki, S R I A T ET E, ni Sacri Romani Imperii Archi-Thesaurarius et Elector: Mweka Hazina Mkuu na Mteuzi katika Dola Takatifu ya Kirumi. Hivyo ni vyeo vya nyumba ya Hannover huko Ujerumani, vilivyokuja na George I. Ukiangalia mstari mzima, hakuna hata herufi moja inayotaja shilingi.

Maneno HONI SOIT QUI MAL Y PENSE ndani ya mkanda unaozunguka ngao ni Kifaransa, kaulimbiu ya nishani ya Garter. Hayahusiani na thamani wala mwaka.

Herufi ndogo: kiwanda na mchongaji

Herufi zilizo nje ya mlolongo ni za aina mbili, na kuzichanganya hugharimu pesa. Za kwanza ni za kiwanda. H kwenye peni ni kiwanda cha Heaton cha Birmingham. Kwenye bronzi za Victoria, kwa mfano 1874, 1876 na 1882, iko chini ya mwaka. Kwenye peni za 1912, 1918 na 1919 imehamia kushoto kwa mwaka, na KN ya Kings Norton ya 1918 na 1919 iko hapohapo. Herufi hizi ni ndogo na zilipigwa kwa kina kifupi, kwa hiyo huwa za kwanza kufutika. Kwa sababu KN ni adimu, wapo wanaoichora au kuibandika. Elekeza taa kutoka ubavuni na uangalie kwa kioo: herufi halali huinuka kutoka kwenye sarafu kama sehemu ya sarafu yenyewe, haina mkwaruzo wala mstari wa gundi pembeni.

Kwenye sovereni, S ni Sydney, M ni Melbourne, P ni Perth, C ni Ottawa, SA ni Pretoria, na I ni ya India, ambayo kwa sovereni za zamani ni ya 1918 peke yake. Mahali pake hubadilika: chini ya shingo, chini ya ngao, au kwenye ardhi anapokanyaga farasi, juu ya mwaka. Isiyo na herufi ni ya London.

Aina ya pili ni ya wachongaji. W.W. kwenye shingo ya Victoria kijana ni William Wyon, J.E.B. ni Joseph Edgar Boehm, T.B. ni Thomas Brock, B.M. ni Bertram Mackennal, HP ni Humphrey Paget, M.G. ni Mary Gillick. B.P. karibu na mwaka wa sovereni ni Benedetto Pistrucci, aliyechonga Mtakatifu George na joka. Hizi hazionyeshi uadimu. Muuzaji anayekuuzia peni ya George V kwa bei ya juu kwa sababu ina "B.M." anakuuzia sarafu ya kawaida.

Kwenye sarafu za fedha za karne ya 18 kuna maneno mazima chini ya kichwa au vifupisho kwenye pembe za ngao, yanayotaja fedha ilikotoka. VIGO ni fedha iliyotekwa kwenye ghuba ya Vigo, Hispania, 1702. LIMA ni ya 1745 na 1746. SSC ya 1723 ni kampuni ya South Sea. Hizi ndizo zinazoongeza thamani.

Ukingo

Geuza krauni uitazame ubavuni. Nyingi zina DECUS ET TUTAMEN, pambo na kinga, maneno yaliyowekwa ili kuzuia watu kukata vipande vya fedha pembeni, kisha ANNO REGNI na mwaka wa utawala. Ukingo hauguswi sana, hivyo mara nyingi unasomeka hata uso ukiwa umefutika. Chukua mwaka mtawala alioanza kutawala, ongeza namba ya ukingo, toa 1. Victoria alianza 20 Juni 1837, kwa hiyo LVII (57) ulianza 20 Juni 1893, na krauni za 1893 hupatikana zikiwa na LVI au LVII. Kwenye krauni za zamani namba huandikwa kwa maneno, kama VICESIMO, wa ishirini. Kwa Charles II hesabu ianze 1649, mwaka aliouawa baba yake, japo alirudi kwenye kiti 1660. VICESIMO yake basi ni 1668, na anayeanza na 1660 atapata 1679.

Unapoandika kumbukumbu ya sarafu, nakili herufi kama zilivyo, pamoja na nukta zake, na weka nyota mahali herufi imefutika. Kisha andika madini, upana, uzito na ukingo. Mtu akikuuliza baadaye kama ni BRITT au BRIT, REX F:D: au REX FID:DEF:, jibu litakuwa kwenye karatasi, kwa sababu tofauti za aina hiyo ndizo zinazotenganisha matoleo mawili ya mwaka mmoja.